Pumzi ya Salamu

Barabara ya Mwembe, Myamba hadi Ndungu inakatiza milima ya Upare Kusini kwa takriban kilometa 90, na sehemu iliyo tambarare ndani yake ni ndogo mno. Inaacha nyika kavu ya upande wa Same, inapanda Mbaga, inazunguka migongo ya vilima hadi Myamba, kisha inateremkia mashamba ya mpunga ya Ndungu. Sehemu kubwa ni udongo na changarawe. Abiria aliyekaa dirishani mwa basi, akimwona mtu na baiskeli yake kwenye kona zile, humwonea huruma. Mimi humwonea fahari. Hapo ndipo ufundi wa kuendesha baiskeli unapoonekana mzima, kuanzia kifuani hadi kwenye ncha za vidole.

Niseme mapema kwamba vijiji vya juu havina baiskeli nyingi. Watu wa Myamba ni watu wa miguu tangu zamani, na siku hizi bodaboda ndizo zinazoshusha magunia ya tangawizi na mikungu ya ndizi. Baiskeli zimejaa bondeni, Ndungu, Maore na Kihurio, ambako ardhi imelala na mtu anaweza kwenda shambani na jembe limefungwa kwenye keria. Lakini kwa kuwa mlima na bonde vinahitajiana, wapo wanaopanda nazo na kushuka nazo, na kutoka kwa hao mtu hujifunza mengi kuliko kwa mwenye baiskeli ya gia 20 anayepita likizoni.

Chombo chenyewe ni kizito. Phoenix ya Kichina, au Swala iliyokuwa ikitengenezwa Dar es Salaam na kiwanda cha NABICO, ina uzito wa karibu kilo 20 kabla hujapakia chochote. Gia ni moja. Meno ya mbele ni zaidi ya mara mbili ya meno ya nyuma, kwa hiyo kila ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu kubwa la nyuma linazunguka zaidi ya mara mbili na baiskeli inasogea zaidi ya mita 5. Bondeni hiyo ni raha: unakanyaga polepole na njia inakwisha. Mlimani, mita hizo 5 unazilipia zote kwa mapaja. Huwezi kumwambia mlima akupunguzie. Kinachobaki mikononi mwako ni namna ya kuigawa nguvu yako, na ugawaji huo ndio moyo wa ufundi wote.

Upareni kuna kipimo kizuri cha kazi hiyo, nacho ni salamu. Kupita mbele ya mzee aliyekaa kando ya njia bila kumwamkia ni jambo lisilofikirika. Na salamu yenyewe haiishii kwenye neno moja. Unasema shikamoo, unajibiwa marahaba mwanangu, unaulizwa unatoka wapi, nyumbani wanaendeleaje, mvua imenyesha huko? Kila swali linataka jibu lake, na miguu ingali inakanyaga. Anayejua kupanda hujibu yote kwa sentensi nzima, kwa sauti yake ya kawaida, na kumuulizia mzee ng'ombe wake. Anayekimbizana na mlima hutoa "shika" hapa na "moo" pale, kifua kinapwita, mzee anamwangalia kwa wasiwasi.

Makocha wa michezo ya masafa marefu wanakitumia kipimo hichohicho: mwanafunzi wao awe na uwezo wa kuongea anapofanya zoezi la muda mrefu. Sababu iko mwilini. Misuli ikikazwa kupita kiasi, hewa ukaa huongezeka katika damu, mapafu yanalazimika kuitoa haraka, na pumzi iliyokuwa ya maneno inachukuliwa na kazi hiyo. Akifikia hapo mtu bado anaweza kusonga, ila kwa dakika chache tu, na mlima wa Myamba hauishi kwa dakika chache. Nimependa sana kuona kwamba adabu ya mahali na afya ya mpandaji zinadai kitu kimoja. Mwendo unaokuruhusu kumheshimu mzee ndio mwendo utakaokufikisha.

Pumzi ikikatika, unashuka na kukokota. Na hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi wanaoanza mchezo huu, ambao kwao kushuka ni kushindwa. Waangalie wenye mizigo. Hawasubiri baiskeli iyumbe ndipo washuke. Wanaijua kona wanayoshukia, mguu unatua ardhini mwendo ukiwa bado upo, na baiskeli haisimami hata kidogo. Mkono mmoja usukani, mwingine nyuma ya kiti, kiuno kimesogezwa karibu na fremu ili mzigo usiwavute pembeni. Wanapanda tena pale mwinuko unapopungua, kwa kusukuma hatua mbili tatu na kurusha mguu. Kukokota kuna ustadi wake kamili, wenye mkao na wakati wake, na anayeudharau huishia kulala barabarani na gunia lake.

Hata mabingwa hushuka. Tarehe 28 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalimalizika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Wanaume walikimbia kilometa 267 katika vilima vya mji ule, na aliyeshinda alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wengine wote, wengi wao watu wanaolipwa kwa kuendesha baiskeli, wenye gia za kila namna na magari ya kuwahudumia, walishuka. Sikuona aibu yoyote katika hilo. Niliona vilima vya kwetu Afrika Mashariki vikimpima kila mtu kwa haki, na tangu siku hiyo sina subira na anayemcheka mama anayekokota baiskeli yake kuelekea nyumbani.

Kushuka mlima ni somo jingine, na ndilo linaloua. Mtu wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 20, akiteremka mita 1000 za kimo huku akizuia mwendo, anageuza nguvu yote ile kuwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo huzaliwa pale raba za breki zinaposugua rimu. Ukilipima, linatosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji. Ongeza gunia la tangawizi, uone. Ndiyo maana mjuzi habani breki mfululizo. Anabana, anaachia, anaupa upepo nafasi ya kupoza chuma. Anapunguza mwendo kabla ya kona, wakati gurudumu bado limenyooka, kisha ndani ya kona anaachia, kwa sababu tairi lililofungwa na breki juu ya changarawe halishiki tena njia, linateleza tu. Breki ya nyuma inatangulia, ya mbele inafuata kwa upole. Macho yanatazama mbali, mahali anapotaka kupita, wala si kwenye jiwe analoliogopa, maana mikono hufuata macho.

Mvua inabadilisha kila kitu. Upande wa mashariki wa Upare unapokea mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana Myamba kuna kijani na tangawizi inastawi, wakati Same, iliyoko nyuma ya milima, inabaki kavu. Wakati wa masika udongo mwekundu hunata kwenye matairi hadi gurudumu linakataa kupita katikati ya foku, na raba iliyolowa hushika rimu kwa kuchelewa. Hapo hata hodari hukokota akishuka pia. Yeyote anayekuambia kwamba mwendeshaji wa kweli hatishwi na utelezi hajawahi kutazama bonde lililoko upande wa pili wa kona.

Nyuma ya kila anayeshuka salama yuko fundi. Mti mmoja, karai la maji, pampu, kopo la solusheni na vipande vya tyubu kuukuu. Kutafuta tundu kwa mapovu ya maji na kubandika kiraka kila mtu ameshaona. Kinachonivutia zaidi ni kunyoosha rimu. Fundi anaigeuza baiskeli juu chini, anazungusha gurudumu, anasogeza kidole karibu na rimu na kusubiri limguse. Likivutika kulia, anakaza spoki za kushoto mahali pale na kulegeza kidogo za kulia, nusu mzunguko, si zaidi. Anazigonga na kuzisikiliza, kwani iliyolegea haina sauti ya wenzake. Anafanya hivyo hadi gurudumu lote linapita mbele ya kidole chake bila kukigusa. Kazi hiyo malipo yake ni madogo mno ukilinganisha na shingo za watu inazozilinda.

Uzuri wa eneo hili ni kwamba lina njia ya kila mtu. Asiyeweza Myamba ana Ndungu hadi Maore, barabara ya chini inayopita kati ya milima na nyika ya Mkomazi, mifereji ya umwagiliaji ikimfuata kando. Humo utamkuta mtoto ambaye hajafikia kiti, amepitisha mguu chini ya bomba la juu la fremu na kuendesha akiwa amepinda kama ndoano, na bado anawapita wakubwa. Utamkuta msichana wa sekondari na begi lake, na babu anayekanyaga taratibu sana kiasi kwamba unashangaa baiskeli inasimamaje. Mizani yake imekaa miaka mingi mwilini, haihitaji tena mwendo. Anayetaka kidogo zaidi anaweza kuendelea hadi Kisiwani, na mwenye siku nzima na kifua kizuri anaweza kuingia Mwembe, akapita juu, akashukia Ndungu.

Barabara hiyo ya chini, kutoka Same kupitia Kisiwani hadi Mkomazi, ni karibu kilometa 100, na imeanza kuwekwa lami kwa vipande. Nimeifurahia lami hiyo, maana mpunga na tangawizi vinahitaji kufika sokoni. Lakini lami huleta mwendo wa magari, na yule mtoto aliyepinda chini ya fremu hawezi kuondoka njiani upesi lori linapotokea nyuma yake. Vipande vilivyobaki viwekewe ukingo wa lami wenye upana wa kutosha baiskeli moja yenye magunia, pande zote mbili, kutoka kijiji hadi kijiji. Gharama yake ipangwe mapema, pamoja na ya madaraja.