EF 69, Lakini Mgonjwa Anahema

Ripoti ya eko, kile kipimo kinachotazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ina mistari mingi, ila macho ya wengi hukimbilia mmoja tu: EF. Ndugu akipiga simu kutoka Arua kuwaeleza majibu walioko Koboko, namba hiyo ndiyo anayoisoma. Ikizidi 55, nyumba nzima inashusha pumzi. Kwa mzee mwenye presha ya miaka mingi, afadhali waanzie hapo. Kwa msichana wa miaka kumi na sita anayehema akipanda mlima mdogo na mtungi wa maji, namba hiyo inaweza kuwapoteza kabisa, maana huku kwetu ugonjwa wa moyo wa vijana mara nyingi huanzia kwenye vali.

Tazama hesabu yenyewe. Chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwilini, tuseme kinajaa mililita 120. Kikijibana zinabaki 50, kwa hiyo zimetoka 70. Gawanya 70 kwa 120, unapata asilimia 58. Hiyo ndiyo EF, na ni ya mtu mzima wa afya.

Sasa chukua moyo ambao vali ya mitrali, mlango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, haifungi vizuri. Chumba kimetanuka, kinajaa mililita 160, na kikijibana zinabaki 50. Zimetoka 110, na EF imepanda hadi 69. Inapendeza! Lakini kati ya hizo 110, tuseme 50 zimerudi nyuma kupitia ule mlango mbovu, kuelekea mapafuni. Mwili umepata 60 tu, pungufu kuliko wa yule mwenye 58. Ni kama pampu ya kisima yenye vali iliyochakaa: mkono unapanda na kushuka kwa nguvu, ndoo haijai. EF inahesabu damu iliyoondoka chumbani, haiulizi imekwenda wapi. Ndiyo maana kwa mgonjwa ambaye mitrali yake inavuja vibaya, madaktari huanza kufikiria upasuaji EF ikishuka hadi 60, namba ambayo kwa mwingine ingekuwa habari njema.

Vali iliyobana inadanganya kwa namna nyingine. Mitrali ya kawaida hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6, ikifika 1.5 au chini yake, hali ni kali. Chumba cha chini kinasukuma vizuri kila kinachokifikia, basi EF ni safi. Shida iko juu: damu inapanga foleni, chumba cha juu kinavimba, mapafu yanalowa. Mwanamke mwenye vali hiyo anaweza kuishi miaka bila kujua, mpaka apate ujauzito. Damu mwilini inaongezeka karibu nusu, mapigo yanakwenda mbio, na muda wa damu kupita kwenye ule upenyo unazidi kuwa mfupi. Hapo ndipo anaanza kulala ameketi.

Kwa hiyo mimi huanza na mistari ya mitrali. Kipande cha mbele cha vali kina unene gani? Kwa vijana wa hadi miaka 20, milimita 3 au zaidi ni dalili ya kovu. Ncha zake zinasogea au zimekwama? Damu inayorudi nyuma inafika umbali gani? Kisha ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto, halafu presha ya mapafu. EF naisoma mwisho. (Ukionyeshwa picha ya rangi, usidhani bluu ni damu chafu. Kwa kawaida nyekundu ni damu inayoelekea kwenye kifaa cha kupimia, bluu ni inayokipa mgongo.)

Kovu hilo kwa kawaida ni matokeo ya homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na hupenda mahali watu wanapobanana. Utafiti uliofanywa Gulu, ng'ambo ya Nile ukivuka daraja la Pakwach, unaonyesha jinsi ya kuliwahi. Unaitwa GOAL, ulihusisha Taasisi ya Moyo ya Uganda, na matokeo yake yalitoka mwaka 2021. Watoto na vijana 102,200 walipigwa eko ya uchunguzi. Eko ya kwanza iliwatilia shaka 3,327. Baada ya eko ya pili, ya kina, waliothibitishwa na kufaa kuingia kwenye utafiti walikuwa 926. Kwangu hilo ndilo somo la kwanza: eko ya haraka huibua swali, na jibu hutafutwa kwa eko kamili.

Walioingia walikuwa 818, wote wakiwa na ugonjwa uliofichika. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya siku 28 kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Kisha jopo lililinganisha eko za mwanzo na za mwisho bila kujua nani alikuwa kundi gani. Kwa waliofika mwisho wa utafiti, vali zilizidi kuharibika kwa 3 kati ya 399 waliopata sindano, na kwa 33 kati ya 400 wasioipata.

Jopo lile lilikuwa na picha za kabla na za baada. Familia ya Koboko mara nyingi ina karatasi mbili tu ndani ya daftari la hospitali, pengine za mashine mbili na wapimaji wawili. Neno “wastani” la mpimaji mmoja linaweza kuwa “kidogo” la mwingine, kwa hiyo linganisha vipimo: milimita za vali, sentimita za damu inayorudi, ukubwa wa chumba cha juu, na mililita za chumba cha chini kikiwa kimejaa. Ikiwa hizo za mwisho zimetoka 120 hadi 160 huku EF ikipanda, mwonyeshe daktari mistari hiyo miwili kabla hajafunga daftari.