Mama wa Majoka, kwa mara ya pili

Mara ya kwanza nilimpita Mirri Maz Duur kama tunavyowapita watu barabarani tukiwa na haraka. Yumo katika msimu wa kwanza wa Game of Thrones, mganga wa kijiji cha wafuga kondoo. Wapanda farasi wa Khal Drogo wamekivamia kijiji chake, wanaume wameuawa, na wanawake wanatendewa yale ambayo katika Kivu hakuna anayehitaji kuelezwa. Daenerys Targaryen, mke kijana wa Drogo, anayaona, anakasirika, anaamuru wanawake waachwe. Sote tukampenda kwa amri ile. Baadaye mganga anatumia uchawi wa damu kumwacha Drogo akiwa mwili usio na mtu ndani. Daenerys anamuuliza kwa nini amelipa wema kwa ubaya. Mirri, aliyeigizwa na Mia Soteriou kwa sauti isiyopanda hata kidogo, anamhesabia yaliyokuwa yamekwisha kumpata kabla ya amri ile: wanaume watatu waliombaka, hekalu lililoungua, vichwa vya jirani zake barabarani. Anataka kujua ni kitu gani hasa kilichookolewa.

Mwaka 2019, tamthilia ilipomalizika, kwangu huyu alikuwa mchawi tu, mtu aliyemwua mume wa shujaa. Safari hii yaya wangu alikuwa amekaa pembeni. Yeye hakuwahi kuitazama. Akanigusa mkono.

"Simamisha kidogo, mdogo wangu. Huyo mama anasema kweli."

Nikasimamisha. Mji wetu, Bukavu, ndio mji wa hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na yaya ameuguza wanawake kwa miaka mingi kuliko ninayotaka kuihesabu. Alichokisikia yeye katika dakika ile moja ndicho kilichonifanya niirudie kazi nzima nikiwa na daftari. Sehemu zote 73 zilikuwa katika flashi moja, kwa Kifaransa. Tangu mji ulipotekwa Februari 2025 tunaingia ndani mapema jioni, na umeme ukikatika betri ya kompyuta inatosha sehemu mbili.

Wengi walikasirika na mwisho wa Daenerys. Katika sehemu ya tano ya msimu wa nane anaiteketeza King's Landing, mji uliokwisha kujisalimisha, na watazamaji wakasema waandishi wamemgeuza mhusika ghafla. Nami nilisema hivyo. Sasa sisemi tena. Ukirudia toka mwanzo unakuta dalili zimepandwa kila msimu, tena si kwa kificho. Hatukuziona kwa sababu ya mahali kamera iliposimama.

Vitabu vya George R. R. Martin vimejengwa kwa sura ambazo kila moja inaonwa na mhusika mmoja tu. Ng'ambo ya bahari, katika vitabu vitatu vya kwanza, mwenye macho ni Daenerys peke yake. Hakuna mtu mwingine anayetusimulia yanayotokea kule. Lakini msomaji wa kitabu anajua kwamba amewekwa ndani ya kichwa cha msichana huyu, na anaweza kujiuliza kama kichwa hicho kinaona sawasawa. David Benioff na D. B. Weiss walipoihamishia kazi hii kwenye televisheni waliubakiza upande, wakaupoteza ukumbusho. Kamera haina jina juu ya sura. Ikisimama begani kwa mtu kwa miaka minane, tunadhani imesimama katikati.

Chukua Astapor, sehemu ya nne ya msimu wa tatu. Kwa ufundi ndilo tukio bora kabisa la Daenerys, na ninalisifu bila kusitasita. Amekuja kununua askari watumwa 8,000, waliohasiwa wakiwa watoto. Muuzaji, Kraznys, anamtukana kwa Kivaliria katika kila mazungumzo yao, na mkalimani kijana, Missandei, anayageuza matusi kuwa maneno ya adabu. Tunacheka na mkalimani. Tunamhurumia mgeni asiyejua anachoambiwa. Bei ni joka mmoja. Anakabidhi mnyororo wa joka, anapokea mjeledi wa amri, halafu anafungua kinywa na kusema Kivaliria safi, lugha yake ya kuzaliwa. Matusi yote aliyasikia. Nani wa Bukavu hajawahi kusimama sokoni Kadutu huku wauzaji wawili wakimpangia bei kwa Mashi, wakidhani haelewi? Mwandishi ameiweka furaha yetu akiba kwa sehemu kadhaa, kisha anailipa kwa neno moja la amri. Joka anatema moto, Kraznys anaungua, askari wanaambiwa wawaue mabwana na kila mwenye mjeledi, wasimguse mtoto, na muziki wa Ramin Djawadi unatuinua kitini.

Sasa tazama tena, sauti ikiwa imezimwa. Mji unaungua. Watu wanakimbia mitaani, na huwezi kutofautisha mwenye watumwa na mtu mwingine yeyote. Kamera haishuki kwao. Inabaki na Daenerys juu ya farasi wake mweupe, uso umetulia, moto nyuma yake. Amri, sauti ya muziki na umbali wa kamera ndivyo vilivyotuambia kwamba waliokufa wote walistahili. Hatukupewa nafasi ya kuhakikisha.

Mwisho wa msimu huohuo watumwa waliokombolewa wa Yunkai wanamzunguka, wanamnyanyua juu ya mikono yao na kumwita mama. Tukio lilipigwa picha Morocco, na umati ni wa watu wa palepale. Kamera inapanda angani mpaka watu wote wanakuwa duara la rangi moja na yeye nukta nyeupe katikati. Hakuna hata mmoja katika umati anayepata jina. Lilisemwa sana wakati ule kwamba picha hii inafanana na hadithi ya kale ya mzungu mkombozi, na ni kweli, inafanana. Ila mimi naona pia ni picha ya jinsi anavyowaona yeye: wapo kama upendo wanaompa, basi.

Msimu wa nne ndio unaonipa moyo kwamba waandishi walikuwa wanajua wanachofanya. Wenye watumwa wa Meereen wamewasulubisha watoto 163 njiani ili kumtisha. Anapouteka mji anaamuru mabwana 163 wasulubishwe vivyo hivyo. Hesabu imetimia, na mtazamaji ameridhika. Sehemu mbili baadaye anakuja barazani kijana mmoja, Hizdahr zo Loraq, kuomba ruhusa ya kumzika baba yake. Baba huyo alikuwa amepinga kusulubishwa kwa watoto. Alichaguliwa kwa hesabu, akafa kwa hesabu. Emilia Clarke anaigiza pale kwa kope tu. Anaelewa, na anakataa kuelewa, kwa wakati mmoja.

Halafu mwisho wa msimu anakuja mchunga mbuzi akiwa na furushi. Ndani yake mna mifupa iliyoungua ya binti yake, Zalla, miaka mitatu, aliyeunguzwa na Drogon, joka wa Daenerys. Baba hasemi sana. Anaiweka mifupa chini, analia, tukio limekwisha. Baada ya hapo tunashuka naye Daenerys shimoni anakowafunga minyororo majoka wake wawili waliobaki, na hapo muda umepewa wa kutosha: minyororo inafungwa, wanyama wanamlilia mama yao, yeye anaondoka machozi yakimtoka, mlango wa jiwe unafungwa. Ukihesabu dakika utaona huzuni imegawanywa vipi. Mtoto amepata sehemu ndogo, majoka wamepata kubwa. Mara ya kwanza nililia kwa ajili ya majoka. Yaya aliuliza kama yule baba atarudi tena katika hadithi. Harudi.

Kwa hiyo mwongozaji Miguel Sapochnik alipopewa siku ya kuichoma King's Landing, akafanya jambo ambalo kwangu ndilo uamuzi mkubwa wa kiufundi katika kazi yote. Kengele zinalia, mji umesalimu amri, Daenerys yuko juu ya ukuta na joka wake. Tunauona uso wake kwa karibu, pumzi, jicho, taya. Anaruka. Toka hapo mpaka sehemu inakwisha hatuuoni tena uso wake. Kamera imemwacha begani baada ya miaka minane, imeshuka chini barabarani, pamoja na msichana Arya, pamoja na mama mmoja na binti yake aliyeshika farasi wa mbao. Juu kuna kivuli kinachopita. Tulichokiona Astapor kutoka juu ya farasi, sasa tunakiona kutoka chini ya moshi, na ni kitu kilekile. Yule mama na binti wanaungua, na Arya anamwona farasi yule wa mbao amekuwa mkaa.

Yaya alinyanyuka akaenda jikoni. Juni 2004, askari waasi wa Nkunda na Mutebutsi walipoingia Bukavu, mimi nilikuwa mtoto chini ya kitanda na yeye ndiye aliyekuwa juu yangu.

Niseme sasa palipoharibika, maana pameharibika. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Wa saba una saba, wa nane una sita. Kitabu cha tano kilitoka mwaka 2011, mwaka uleule tamthilia ilipoanza, na cha sita hakikuja, kwa hiyo waandishi walibaki na mahali pa kufikia bila njia ya kupitia. Anguko lililoandaliwa kwa uvumilivu likamaliziwa mbio. Daenerys anampoteza joka, anampoteza Missandei, anakataa kula, nywele zimevurugika, na mara kengele zinalia. Kisha katika sehemu ya mwisho Tyrion, mshauri wake, anakaa kizuizini na kumweleza Jon Snow, hatua kwa hatua, kwamba kila mahali alipopita Daenerys aliwaua wabaya na sisi tukashangilia. Maelezo ni sahihi, lakini ni maelezo. Kamera ya sehemu iliyotangulia ilikuwa imekwisha kuyasema vizuri zaidi, na mhusika mwenye akili kuliko wote akageuzwa mwalimu wa somo la marudio.

Lakini hata katika mbio zile kuna fundo moja lililofungwa kwa ustadi. Missandei, mkalimani wa Astapor, ndiye ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kati ya neno baya na sikio. Kabla ya kukatwa kichwa, neno lake la mwisho ni lile neno la amri ya moto, lilelile alilolisikia Astapor siku ya uhuru wake. Hakuna tena wa kulilainisha.

Na Grey Worm, mmoja wa wale askari wa Astapor. Kitabu cha kwanza kilitoka Agosti 1996. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL na washirika wake, na pamoja nao tukawaona watoto wenye bunduki ndefu kuliko miguu yao, waliokuja kujulikana kama kadogo. Kwa hiyo askari aliyechukuliwa utotoni, akahasiwa, akapewa jina la mdudu, kwetu hatoki katika nchi ya mbali. Tukio lake zuri kuliko yote liko msimu wa tatu: anaambiwa achague jina jipya, anakataa, kwa sababu hilo la mdudu ndilo alilokuwa nalo siku aliyowekwa huru. Sentensi chache, mtu mzima amejengeka. Msimu wa nane yeye ndiye anayemrushia mkuki askari aliyekwisha kutupa upanga, na Jacob Anderson anaubeba uso huo bila kutuomba huruma. Ningetoa vita viwili vya majoka nipate saa moja ya mtu huyu akisafiri kwenda Naath, kisiwa cha Missandei, na wenzake maelfu ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kazi nyingine.

Jirani zetu Wanyanga wa Walikale wana hadithi inayojua kuitumia saa hiyo. Shé-kárisi Rureke aliisimulia kwa siku 12 mwaka 1956 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck, naye Biebuyck akaichapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea, mrithi aliyefukuzwa na baba yake, anaurudia mji wao wa Tubondo, na radi ya Nkuba inauteketeza na watu wake. Mpaka hapo ni Daenerys. Lakini msimulizi hamruhusu apite. Mwindo analazimika kurudi kwenye majivu na kuwafufua watu wale. Baadaye anamwua joka, Kirimu, na kumbe joka yule ni rafiki wa damu wa Nkuba. Nkuba anamnyakua, anamkalisha mwaka mzima mbinguni, akipigwa na mvua, na mawe ya barafu, na jua, bila nyumba, bila sifa, mpaka kiburi kimtoke. Anguko na adhabu vimepewa mahali pake na muda wake. Rureke alijua kwamba msikilizaji hawezi kuamini mtu amebadilika kama hakukaa naye kwenye baridi.

Tulipomaliza sehemu ya 73, yaya alitaka turudi nyuma, msimu wa kwanza, usiku wa mwisho. Mirri Maz Duur amefungwa juu ya kuni pamoja na maiti ya Drogo na mayai matatu. Anaimba. Moto unapomfikia anapiga kelele, na kelele zikiwa bado kamera inageuka kumfuata Daenerys anayetembea kuingia motoni, mzuri, bila woga. Asubuhi kuna majivu na majoka wachanga, na hakuna anayemtaja mganga. Yaya alinirudishia mkono kwenye kitufe mara tatu, akitafuta ni sekunde gani hasa wanamwacha.