Kijamvi cha Kikombe

Mpe mshonaji kitu kilichoshonwa, atakigeuza. Hata kama ni zawadi, hata kama aliyeitoa bado amesimama mbele yake. Upande wa juu atautupia jicho kwa adabu tu. Upande wa chini ndio atakaousoma: nyuzi zimefichwa au zinaning'inia, pindo limeshonwa kwa mkono au limepitishwa cherehani harakaharaka, kona nne zimetulia au zimejikunja kama sikio la mbuzi. Nimefanyiwa hivyo, nami nimewafanyia wenzangu, miaka sita sasa, hapa Louisville, Kentucky, katika kikundi chetu cha kushona chenye akina mama kumi na wawili na mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, anayetushinda sote kwa kona.

Tunachobadilishana kila mwisho wa mwaka ni kitu kidogo mno. Wamarekani wanakiita zulia la kikombe. Ni mfarishi mdogo wa inchi 6 kwa 9 hivi, unaotosha kikombe cha chai na pembeni pakabaki nafasi ya biskuti mbili, au kaimati tatu kwa sisi tunaozijua. Mimi nakiita kijamvi. Mama yangu aliposikia kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, huko hata kikombe kinatandikiwa?"

Kinatandikiwa, mama, tena kwa tabaka tatu. Juu ni vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana. Vyote hupigwa bandi visihame, vikafungwa pamoja kwa mishono inayopita kotekote, kisha ukingo ukavishwa utepe. Mfarishi wa kitanda unaweza kumla mtu mwaka mzima. Kijamvi ni kazi ya jioni mbili, au nne ukiwa na watoto.

Udogo wake lakini hauna huruma. Kushona huku kuna sheria moja, ya robo inchi: kila mshono ukae robo inchi kutoka ukingoni. Chukua mstari wa vipande 8, wenye mishono 7. Ukizidisha 1/16 tu ya inchi, kila mshono unakula 1/8, kwa kuwa unakula pande zote mbili, na ukifika mwisho umepungukiwa 7/8. Kwenye kitanda, nani ataona? Kwenye kitu cha inchi 9, anayeona wa kwanza ni wewe mwenyewe.

Oktoba tunachomoa majina kwenye bakuli. Jina ulilolipata hulisemi. Pamoja nalo unapata kikaratasi: mwenyewe anapenda rangi gani, anakunywa nini, anataka sikukuu ipi. Wengi huandika Krismasi. Wachache huandika Siku ya Shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba, nasi tunajua ni bata mzinga tena. Mwaka juzi nilimchomoa yule mzee. Alikuwa ameandika: kahawa, bluu, sikukuu ya kwenu.

Nikatoa kanga. Nilikuwa nayo moja ya bluu, ya zamani, iliyochanika pembeni, nikaiona inafaa. Kanga na kazi hii ni ndugu kuliko tunavyokumbuka. Wazee wa pwani husimulia kwamba katika karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba vilivyoingia na jina lake la Kireno, wakaziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi. Baadaye wenye maduka wakaagiza nguo iliyochapwa tayari, na kule Mombasa jina la leso likabaki mpaka leo. Kwa hiyo tunajifunga kumbukumbu ya mshono ambao haupo tena. Jambo hili niliwaeleza wenzangu nikiwa na mkasi mkononi, na mmoja akaniuliza kwa nini basi naikata. Sikuwa na jibu zuri.

Juu ya kanga nilitaka neno IDI kwa kitambaa cheupe, na mwezi kwenye kona ya juu. Kuna karatasi yenye gundi ambayo unachora juu yake, unaibandika nyuma ya kitambaa kwa pasi, unakata, unabandua karatasi, kisha unapiga pasi tena kitambaa kikashika mahali pake. Kila anayeijua anajua pia kwamba mchoro lazima uuchore kinyume, maana kitambaa kikigeuzwa, nao unageuka. Nami najua. Nimewafundisha watu. Usiku ule nilichora neno zima pamoja na mwezi wake kama ninavyoandika barua, nikapiga pasi, nikainua. D ilikuwa imenipa mgongo.

Gundi ile ikishapoa haina msamaha. Nilikaa nikiitazama mpaka chai yangu ikapoa, nayo chai ilikuwa mezani moja kwa moja, bila kijamvi, kama kawaida ya nyumba za washonaji. Ndipo nikakizungusha kitambaa, juu kukawa chini. I ilibaki I, D ikageuka ikawa D, ikasomeka IDI sawasawa. Ila mwezi sasa ulikuwa chini, kwenye kona, karibu kabisa na ukingo. Nikasema, potelea mbali. Halafu nikakumbuka tulipokuwa tukisimama ufukweni baada ya magharibi, watoto kwa wazee, tukiutafuta. Mwezi mwandamo hauonekani utosini. Huwa chini kabisa kule magharibi, mwembamba kama ukucha, na haukai. Nikauacha.

Hapa Kentucky mifarishi inaheshimiwa. Mji wa Paducah, saa tatu na ushee kwa gari kutoka kwetu, una jumba la makumbusho ya mifarishi tangu 1991, na kwenye maonyesho ya mifarishi yanayofanyika mjini humo kila mwaka kuna wahudumu waliovaa glavu nyeupe. Ukitaka kuona nyuma ya kazi, hugusi. Unamwomba mwenye glavu akuinulie kona. Napenda kwenda. Lakini wenzangu wawili wamechukua tabia hiyo mpaka nyumbani: vijamvi wanavyopewa wanavitundika ukutani. Nimeona, nikanyamaza, ila moyoni sikupendezwa. Ni kama lile kabati la sebuleni kwetu, lenye vikombe vya maua vilivyokuwa vikingoja wageni miaka na miaka, huku sisi tukinywea bati. Kitu kilichoshonwa kwa ajili ya kumwagikiwa kikinyimwa chai kimeonewa. Ndiyo maana natia pamba tupu, na kanga naifua kwanza mpaka maji yatoke meupe.

Desemba tulikutana, vijamvi vikiwa kwenye bahasha. Mimi nilipata kibanda cha magogo chenye theluji juu ya paa, na dirisha dogo jekundu. Mzee alifungua yake, akakigeuza kijamvi kabla hata hajaangalia mbele. Kidole chake kilipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kikasimama kidogo. Kisha akakilaza mezani, akaniuliza neno lile linatamkwaje, akalirudia mara mbili, akaweka kahawa yake juu ya mwezi.