Muda, Jina na Jibu: Uhakiki wa Haki ya Mgombea Mwenye Utata katika Vyombo vya Habari vya Sudan Kusini

1. Utangulizi

Kila uchaguzi unapokaribia huulizwa iwapo vyombo vya habari vinamtendea haki mgombea mwenye utata, na aghalabu swali hilo hujibiwa kwa kuhesabu dakika: chama tawala kilipewa ngapi, upinzani ngapi. Makala hii inadai kwamba kipimo hicho ni cha lazima lakini hakitoshi. Mgombea anaweza kupewa muda wa kutosha na bado akadhulumiwa kwa jina analopachikwa na kwa kunyimwa nafasi ya kujibu. Hoja inajengwa juu ya uchaguzi wa Aprili 2010, ambao ndio uchaguzi mkuu wa mwisho kufanyika Sudan Kusini kabla ya ule uliopangwa kufanyika Desemba 2026. Kijana wa mtaa wa New Site, Juba, aliyekuwa na umri wa miaka 14 mwaka 2010, anatimiza miaka 30 mwaka 2026 bila kuwahi kumpigia kura kiongozi yeyote wa nchi yake. Atakayoyajua kuhusu wagombea yatategemea sana redio iliyo karibu naye.

2. Muda

Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya Sudan ya mwaka 2008 ilivitaka vyombo vya habari vya umma vitoe fursa sawa kwa wagombea. Hata hivyo, televisheni na redio za Serikali ya Sudan Kusini ziliegemea SPLM, na waangalizi wa Umoja wa Ulaya walilitaja jambo hilo. Salva Kiir alipata asilimia 92.99 ya kura za urais wa Kusini, na mpinzani wake wa pekee, Lam Akol wa SPLM-DC, alipata asilimia 7.01.

Mtafiti ajihadhari asiifanye televisheni kuwa sababu ya matokeo hayo. SPLM iliingia uchaguzini ikiwa na heshima ya vita vya ukombozi na ya Mkataba wa Amani wa 2005, na kura ya maoni ya uhuru ilikuwa imebakiza miezi tisa tu. Yumkini ingeshinda hata kama dakika zingegawanywa sawa. Dhuluma ya muda haipimwi kwa kura zilizopotea peke yake. Hupimwa pia kwa maswali ambayo mpiga kura hakuyasikia yakiulizwa, likiwemo swali la mtawala mwenyewe ameutumiaje muda wake madarakani.

3. Jina

Katika kampeni ya 2010 Lam Akol alisawiriwa na wapinzani wake kama kibaraka wa Khartoum. Shutuma hiyo ilikuwa na mizizi. Mnamo Agosti 1991 alishirikiana na Riek Machar kumwasi John Garang katika tukio la Nasir. Mwaka 1997 Machar alitia saini Mkataba wa Amani wa Khartoum, naye Akol akatia saini mkataba wake wa Fashoda. Wote wawili walirejea SPLM miaka michache kabla ya amani ya 2005.

Hapa ndipo uhakiki unapopata ushahidi wake. Historia za watu hawa wawili zilifanana kwa sehemu kubwa, lakini mwaka 2010 mmoja alikuwa Makamu wa Rais wa Kusini na mwenzake akaitwa msaliti. Baada ya Machar kufutwa kazi Julai 2013 na vita kuzuka Desemba mwaka huo, yaliyotokea 1991 yalirudi kwa nguvu katika maelezo yaliyomhusu. Yaliyotendwa mwaka 1991 yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni umbali wa mtu na Ikulu. Vivyo hivyo, Kiir mwenyewe alikuwa mwasi kuanzia 1983 hadi 2005, lakini neno "mwasi wa zamani" halimwandami kama linavyomwandama Machar hata alipokuwa Makamu wa Kwanza wa Rais kuanzia Februari 2020.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, habari zake zinasomwa zaidi kwa lugha hii. Maneno "mwasi", "msaliti" na "kibaraka" yanapoandikwa bila kutaja nani anamwita nani hivyo, mwandishi anakuwa ameazima mdomo wa upande mmoja. Machar, aliyefunguliwa mashtaka ya mauaji na uhaini Septemba 2025, ni mshtakiwa. Kumwita mhalifu kabla ya hukumu ni kuitangulia mahakama, na kumwita mhanga asiye na doa ni kuitangulia vilevile.

4. Jibu

Mwanzoni mwa Machi 2010 askari waliingia katika vituo vya Liberty FM na Bakhita FM mjini Juba na kuwashikilia wakuu wake kwa muda. Liberty ilikuwa imemhoji meneja wa kampeni wa Alfred Ladu Gore, aliyegombea ugavana wa Equatoria ya Kati kama mgombea binafsi. Mwaka 2015 Waziri wa Habari, Michael Makuei Lueth, aliwaonya wanahabari wasiwahoji waasi. Novemba 2016 Eye Radio ilifungwa kwa siku kadhaa, na ilielezwa kuwa chanzo ni kurushwa kwa sauti ya Machar.

Mifano hii inaonyesha upungufu wa lawama tunayowatupia wahariri. Mhariri anayejua kwamba mahojiano ya nusu saa yanaweza kufunga kituo chake hapimi haki ya mgombea peke yake. Anapima pia usalama wa watangazaji wake. Kuhesabu dakika bila kuhesabu gharama hiyo ni kumhukumu aliyefungwa mikono kwa kutopiga makofi.

5. Pingamizi

Itasemwa kwamba katika nchi yenye silaha mitaani, kumpa kipaza sauti mtu aliyewahi kuongoza jeshi ni kucheza na moto, na kwamba RTLM ya Rwanda mwaka 1994 ni onyo. Onyo hilo ni la kweli, lakini lisomwe vizuri. RTLM haikuwa redio iliyowahoji wanasiasa wakali kwa maswali magumu. Watangazaji wake wenyewe walichochea mauaji. Dawa yake ni uhariri na maswali. Kimya si dawa.

Kenya inatoa mfano wa kulinganisha. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waligombea wakiwa wanakabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Katika mdahalo wa Februari 2013 Kenyatta aliulizwa kuhusu mashtaka hayo mbele ya taifa, akajibu, na wapiga kura wakaamua. Mashtaka yake yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto ilikoma Aprili 2016 bila hukumu ya hatia. Chombo kilichowaita "washtakiwa" hakikulazimika kufuta neno.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kumtendea haki mgombea mwenye utata si kumsafisha. Ni kumpima kwa mizani ile ile anayopimiwa asiye na utata, hasa aliye madarakani. Kwa washauri wa sera tunapendekeza mambo matatu kabla ya Desemba 2026. Kwanza, ufuatiliaji wa vyombo vya habari urekodi majina na sifa wanazopewa wagombea pamoja na dakika zao. Pili, habari za shughuli za kiserikali za rais anayegombea zihesabiwe kando, zisifichwe katika taarifa za kawaida. Tatu, mamlaka husika itamke kwa maandishi kwamba kumhoji mgombea aliyeidhinishwa si kosa. Bila pendekezo la tatu, mawili ya kwanza yatakuwa takwimu za ukimya.