Takhmisa na Tasnifu: Mpaka wa Kuazima

Baadhi ya wanafunzi wetu wa Kiswahili, wakiulizwa kwa nini wametumia kazi ya mtu bila kumtaja, hujibu kwamba fasihi ya Mwafrika ni mali ya jamii, na kwamba washairi wa kale waliazimana beti pasipo kudaiana. Jibu hili lavutia, lakini ushairi wenyewe walikanusha.

Tuitazame takhmisa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoutia takhmisa utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, alitanguliza mishororo yake mitatu, kisha akaiacha miwili ya Liyongo ikamilishe ubeti. Anayeujua mtindo huo hapotei: atambua ya Sayyid yakomea wapi na ya Liyongo yaanzia wapi. Ustadi wa mtunzi wa pili waonekana kwa sababu wa kwanza hakufichwa.

Sasa tuchukue mwanafunzi aandikaye tasnifu juu ya Muyaka bin Haji. Hukifungua kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979, kilichoandikwa kwa Kiingereza, akafasiri aya mbili tatu kwa Kiswahili safi, na kuzitia katika sura yake kana kwamba ni maoni aliyoyafikia mwenyewe. Huapa kwamba hakuiba, maana hakunakili hata neno moja. Programu za tarakilishi zinazolinganisha maandishi nazo zaweza kumpita, kwa kuwa maneno yamebadilika. Lakini hoja, mpangilio wake, na hata uteuzi wa beti za mfano, vyote ni vya Abdulaziz. Kufasiri ni kazi ya heshima. Hakumfanyi mfasiri kuwa mwenye hoja.

Hasara haiishii kwa mwenye kitabu. Habari za matukio yaliyozaa mashairi ya Muyaka zilitufikia kwa mikono michache, hasa ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor. Mwanafunzi akirudia habari hizo bila kutaja alikozipata, mtafiti ajaye atadhani amepata shahidi wa pili, kumbe ni yule yule mmoja.

Walakini lawama si ya mwanafunzi peke yake. Wengi wetu tumesomesha kwa madokezo tuliyoyachota vitabuni, bila kutaja kitabu wala ukurasa. Ayaandikaye madokezo hayo ajifunze wapi kutaja? Mimi mwenyewe ninalo daftari la namna hiyo, na mna mihadhara miwili ndani yake ambayo siwezi tena kueleza niliitoa wapi.