Malya kama Mji Mkuu: Historia Mbadala ya Usukuma na Mipaka ya -nge- na -ngali-

Riwaya ya Kiswahili haijawahi kuogopa kubuni nchi. Shaaban Robert aliitoa Kusadikika mwaka 1951, na Kufikirika ikachapishwa baada ya kifo chake. Katama Mkangi akafuata na Walenisi mwaka 1995. Nchi hizo zote zimewekwa nje ya ramani. Zinauhukumu utawala uliopo bila kuuliza ni lini na wapi mambo yangaliweza kushika njia nyingine. Kuuliza hivyo ni kazi ya historia mbadala: masimulizi yanayoligeuza tukio moja la kweli na kuyafuatilia matokeo yake. Usukuma ni mahali pazuri pa kuupima utanzu huo, kwa sababu dola ambalo lingaliweza kuzaliwa huko lilikuwa na anwani.

Anwani hiyo ni Malya, Kwimba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watemi wapatao hamsini waliunganishwa chini ya usimamizi wa Waingereza katika Shirikisho la Usukuma, lenye baraza na makao yake hapo. Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, alikuwa ameingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria nchini kote. Wapo Wahmong, waliotawanywa kutoka Laos baada ya mwaka 1975, wanaowaza taifa ambalo halikuwahi kuwa na makao. Wasukuma walikuwa na makao, na hawakuyapigania.

Mwandishi atakayeishika mada hii atakutana kwanza na sarufi. Kanuni ya vitabuni hukiacha -nge- kwa jambo ambalo bado lawezekana na -ngali- kwa lililokwisha kupita, ingawa wasemaji wengi huvichanganya. Muhimu zaidi ni kwamba kiambishi hujirudia katika vishazi vyote viwili: shirikisho lingalidumu, dhahabu ingalibaki. Sharti na tokeo huvaa vazi moja la kutokuwapo. Msomaji anakumbushwa kuwa sababu yenyewe imebuniwa, na kwamba inadai kuthibitishwa sawasawa na tokeo lake.

Toleo jepesi la hadithi hii halithibitishi chochote. Linaanza na dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966; mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Ukiongeza almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, ni rahisi kuchora dola tajiri ambalo watu wake hawakwanguliwi mashimo yao na wageni. Uchungu ulio nyuma ya picha hiyo ni wa haki. Lakini picha inamweka mtemi mahali pa mwekezaji na kudhani kwamba swali limejibiwa.

Limejibiwa vipi, ilhali wakulima wa Geita wenyewe waliwahi kulijibu vingine? Mwaka 1958 maelfu walipinga baraza la wilaya lililowachanganya Waafrika, Wazungu na Waasia, wakaandamana hadi Mwanza, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Watemi waliotakiwa kulitetea baraza hilo walibanwa kati ya serikali na raia wao. Nyuma yao kulikuwa na miaka ya amri za kilimo na za kupunguza mifugo, zilizopitia mikononi mwa watemi haohao. Njia panda ya kweli, basi, haiko kwenye meza ya Mwingereza anayeondoka. Iko barabarani, kati ya Geita na Mwanza, na riwaya yenye nguvu ingemweka mtemi mmoja miongoni mwa waandamanaji, kisha ione kama angalipokewa.

Kuna kikwazo kingine, nacho hakisemwi sana. Sehemu kubwa ya Geita ilikuwa nchi ya Wazinza. Wasukuma wengi walihamia huko, na mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulihimiza uhamaji huo ili kuipunguzia msongamano mashariki. Kahama nako ni kwa Wasumbwa na Wanyamwezi. Dola la Usukuma lenye dhahabu lingekuwa, tangu siku ya kwanza, dola lenye wachache wake walio kimya.

Na hadithi hiyo ingeandikwa kwa lugha gani? Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichoifasiria mwenyewe. Riwaya ya Malya itakayoandikwa kwa Kiswahili italisimulia dola hilo kwa lugha ya taifa lililochukua nafasi yake. Msimulizi anayefaa huenda ni karani wa Kizinza katika ofisi ya baraza, anayewaandikia watemi barua kwa Kiswahili na kurudi jioni kwa mama asiyekijua.