Chumvi ya Ayoni Nane

Chumvi ya mezani ikigawanywa mpaka zibaki ayoni nane tu, nne za sodiamu na nne za kloridi, zitajipanga vipi? Jicho halifiki huko. Wanakemia wa kompyuta hufika kwa hesabu, tena kwa subira inayonistaajabisha.

Mwanzoni kalamu na karatasi zinatosha. Chaji zilizo kinyume huvutana, zinazofanana husukumana. Umbali wa majirani ukichukuliwa kuwa 1, ayoni nane zilizopangwa mchemraba hupata mvuto wa 1.456 kwa kila jozi. Zikipangwa pete ya pembe nane, 1.363. Mchemraba umeshinda, na mwenye pupa angefunga daftari. Fundi haridhiki. Katika mchemraba kila ayoni ina majirani watatu, katika pete wawili. Majirani wakizidi, elektroni zao hubanana na umbali hutanuka: molekuli moja ya chumvi ina nanomita 0.236 kati ya ayoni zake, lakini ndani ya fuwele, penye majirani sita, ni 0.282. Basi ushindi ule umepungua, na inabidi kuhesabu upya kwa kanuni za kwanta, kila ayoni ikiachwa ijitafutie mahali pake.

Kisha wanakemia hukagua mitetemo ya umbo lililopatikana, hatua ninayoipenda kuliko zote ingawa hakuna anayeishangilia. Mtetemo mmoja tu ukitoa namba ya kufikirika, ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta hasi, umbo hilo halijatulia katika bonde la nishati. Limesimama mgongoni, kati ya mabonde mawili, na likiguswa litateremka.

Ayoni zikiongezeka, mabonde hayahesabiki. Mwaka 1997 David Wales na Jonathan Doye walieleza mbinu yao: tikisa kishada cha ayoni, kiache kiteremke, linganisha nishati, kubali au kataa, tikisa tena. Baadaye waliichunguza chumvi yenye sodiamu 35 na kloridi 36. Ayoni hizo 71 zaweza kuwa tofali la 6 kwa 4 kwa 3, au la 8 kwa 3 kwa 3, kila moja likiwa na pengo moja.

Maabara nayo hutoa ushahidi wake. Sodiamu 14 na kloridi 13 hujaza mchemraba wa 3 kwa 3 kwa 3 bila pengo, na katika vipimo vya uzito wa ayoni kishada hicho huonekana kwa wingi kuliko vishada vya ukubwa unaokaribiana nacho.